Waziri wa Mambo Yajayo na Mguu wa Bi Kidawa

Jina la nchi hiyo halitajwi hapa, si kwa woga bali kwa kuheshimu sheria, maana lilikwisha kuuzwa kwa kampuni moja ya simu na kila anayetaka kulitamka sharti aombe kibali. Msomaji ambaye hajawahi kufika huko asihangaike. Ina bendera, ina foleni ya maji, na ina wimbo wa taifa wenye matangazo kati ya ubeti wa kwanza na wa pili. Siku ukishuka kwenye uwanja wao wa ndege utadhani umerudi kwenu.

Watu wa huko walikosa vitu vingi, lakini maoni hawakukosa. Na katika maoni yote, waliyoyaonea fahari zaidi yalikuwa maoni juu ya mitambo. Mtu asiyekuwa na umeme alikuwa na msimamo mkali kuhusu betri za magari ya ng'ambo. Mtu asiyejua mwanawe amelala wapi alijua tajiri gani wa kompyuta amemfukuza nani kazi, na kwa nini hakufanya vizuri.

Maoni hayo yalichemka zaidi katika saluni ya Sikudhani, msusi wa mtaa wa Kisiwani, kwa sababu kichwa kinachosukwa hakina pa kukimbilia.

"Wametoa simu mpya huko," alisema Mama Ramla, muuza vitumbua, kichwa chake kikiwa kati ya magoti ya Sikudhani. "Ina macho manne kwa nyuma."

"Mume wangu ana mawili kwa mbele na hanioni," alisema Mwalimu Tatu, aliyekuwa anasubiri zamu yake huku anasahihisha daftari za watoto.

"Na gari lisilo na dereva, mmelisikia?"

"Abiria linao?"

"Abiria linao."

"Basi kazi bado hawajaimaliza."

Walicheka. Sikudhani alicheka nao, lakini yeye alikuwa mtu wa upande wa mitambo, na hakuficha. Alikuwa na sababu. Mama yake, Bi Kidawa, alikuwa mgonjwa wa sukari, na mguu wake wa kushoto ulikuwa na kidonda kisichokubali kufunga. Sikudhani ndiye mtoto wake pekee. Ndiye aliyempeleka hospitali ya wilaya kuchomwa sindano, na ndiye aliyeambiwa kila mara kwamba muuguzi ametoka kidogo, yuko harusini.

"Mtambo haunuki pombe," aliwaambia wateja wake. "Hauombi chai. Hauendi harusini saa za kazi. Mimi waulete hata leo."

Maneno hayo aliyasema vizuri mno, na hapo ndipo balaa lilipoanza.

Nchi jirani ilikuwa imenunua mtambo wenye akili. Ulikuwa unafanya nini, hakuna aliyejua, hata jirani mwenyewe. Lakini habari zilipotangazwa redioni, baraza zima la mawaziri likakosa hamu ya kula, na kabla ya wiki kwisha ikaundwa Wizara ya Mitambo na Mambo Yajayo, chini ya Mheshimiwa Profesa Mhandisi Kibwana Shungurui. Mambo yaliyopo hayakuwa na wizara.

Profesa Shungurui alikuwa muungwana. Hakutaka kuwaletea wananchi mtambo bila kusikia maoni yao, kwa hiyo baada ya kusaini mkataba akatangaza Wiki ya Maoni. Maofisa walipita nyumba kwa nyumba na vipaza sauti. Aliyekuwa na maoni mazuri alirekodiwa. Aliyekuwa na maoni mabaya alipewa muda wa kutafakari, mahali tulivu, penye ulinzi. Asiyekuwa na maoni aligawiwa.

Walipofika saluni, Sikudhani hakuhitaji kugawiwa. Aliyarudia maneno yake yote, mpaka la harusini. Siku chache baadaye uso wake ulikuwa umetundikwa juu ya kila njia panda, meno nje, kitana mkononi, na chini yake maandishi makubwa: MIMI WAULETE HATA LEO.

"Umependeza," Mwalimu Tatu alimwambia. "Ila wamekutia weupe kidogo."

"Ni taa."

"Si taa, mwenzangu. Ni wizara."

Mtambo ukaletwa. Uliitwa Mjalivu. Siku ya uzinduzi, uwanja ulijaa, na Profesa Shungurui akasimama katika koti lenye tochi ndogo kwenye vifungo.

"Ndugu wananchi," alisema, "mataifa mengine yalipanda ngazi ya maendeleo kidato kwa kidato, kama wazee. Sisi tunaruka. Tuliiruka hatua ya barabara. Tukairuka hatua ya maji ya bomba. Leo hii, kwa maono ya Mheshimiwa Mkuu, tunairuka hatua ya kuumwa."

Makofi yalipigwa. Waliokuwa wameshika magongo walisamehewa.

Kazi ya Mjalivu ilikuwa rahisi. Kila asubuhi angempigia simu kila mwananchi na kumjulia hali. Asiye mzima angetajwa, hospitali ingempokea, na jokofu la dawa lingefunguka lenyewe kwa ajili yake. Muuguzi asingehitajika, wala chai, wala harusi. Sauti yake ilikuwa ya msichana aliyelelewa akaleleka. Wakubwa aliwaamkia shikamoo, vijana aliwaita kaka na dada, na kwa wote alimalizia na swali moja: habari za asubuhi?

Sasa, mafundi waliomtengeneza Mjalivu walitoka nchi ya mbali, ambako mtu humpita jirani yake kwenye ngazi kama anayepita nguzo. Hawakuwa watu wabaya. Walisoma vitabu, wakaona wenyeji wanaulizana habari tangu alfajiri, wakafurahi sana. Walidhani ni swali.

Mtu wa nchi hiyo ukimkuta nyumba yake inaungua, utamwuliza habari, naye atakujibu nzuri, halafu ndipo atakuomba ndoo. Msiba ukiwa ndani, habari ni njema, ila tumefiwa. Hivyo ndivyo walivyofunzwa na mama zao, na mama zao na bibi zao: mwenye shida humpokea kwanza mgeni, shida ikafuata nyuma na mzigo wake. Ukweli wote wa nchi hiyo ulikaa baada ya neno "ila".

Na mkataba ulisema Mjalivu atapeleka serikalini neno la kwanza tu. Maneno yanayofuata yalikuwa mali ya kampuni, na kampuni ilikuwa na wateja wengine wa maneno hayo.

"Mimi leo nimemwambia, nzuri, ila mume wangu anatapika damu," Mama Ramla alisimulia saluni. "Akaniambia ahsante kwa ushirikiano, akakata. Mchana simu ikaniletea tangazo la sanda."

"Bei gani?" aliuliza mteja mmoja.

"Nafuu. Hilo nitawapa haki yao."

Hakuna aliyecheka safari hiyo. Sikudhani aliendelea kusuka, akajiambia kwamba kila kitu kipya kina matatizo ya mwanzo. Maneno hayo pia aliyasikia redioni.

Kwa kuwa majibu yote ya nchi nzima yalikuwa nzuri, njema, salama na sijambo, Profesa Shungurui alitangaza kwamba maradhi yamekwisha. Hospitali ya wilaya ikageuzwa Kituo cha Ubunifu. Madaktari walivalishwa fulana na kukalishwa kwenye mito ya rangi ili wabuni. Wodi ya wazazi ikawa ukumbi wa mikutano. Katika korido likabaki jokofu moja lenye dawa, pamoja na sindano za sukari, likiwa na taa nyekundu, likisubiri Mjalivu ampate mgonjwa.

Mguu wa Bi Kidawa ukaanza kunuka.

Sikudhani alikwenda Kituo cha Ubunifu kumwona Bwana Fumo, msimamizi wa Mjalivu wilayani, kijana mnene mpole aliyekaa mbele ya kioo kikubwa kilichojaa vidoti vya kijani. Kila kidoti kilikuwa mtu mzima wa afya.

"Dada wa bango," alisema Bwana Fumo, akainuka kwa heshima. "Habari za nyumbani?"

"Nzuri. Ila mama anaumwa, kaka yangu. Mguu unaoza. Nimekuja kuomba sindano tu, hizo hapo kwenye jokofu."

Bwana Fumo aliandika jina la Bi Kidawa, akabonyeza. Sauti ya Bi Kidawa ikatoka, kavu lakini ya furaha: "Marahaba, mwanangu."

"Marahaba," alirudia Bwana Fumo. "Hilo ni daraja la juu. Sijambo tunampa mtu mzima wa kawaida. Marahaba ni afya ya mwanariadha."

"Kaka, mama yangu haoni hata vidole vyake vya miguu. Twende umtazame, si mbali."

"Dada Sikudhani, mama yako mwenyewe, kwa kinywa chake, asubuhi hii, amesema ni mzima. Wewe unataka niandike kwamba mama yako ni mwongo?"

Katika nchi hiyo, kama katika nchi nyingine, hilo halisemwi.

"Sisi hatumkatalii mtu," alisema Bwana Fumo kwa huruma ya kweli. "Aseme tu mwenyewe. Neno la kwanza liwe anaumwa. Jokofu litafunguka, hata mimi sitahitajika. Si ulisema waulete?"

Nyumbani, Bi Kidawa alikuwa ameegemea mto, mguu umefunikwa khanga mbili, simu pembeni yake kama kikombe cha uji. Sikudhani alimweleza yote. Alimweleza tena. Mama yake alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Mtoto wa watu ananiamkia shikamoo, mimi nimmwagie usaha usoni kabla sijamwitikia?"

"Si mtoto, mama. Ni mtambo."

"Mitambo haina adabu vile. Yule ana mama yake mahali, amemfunza."

"Mama, nakuapia, hakuna mtu mle ndani."

"Wewe si ndiye uliyesema huko ng'ambo watu wanafukuzwa kazi kila siku? Haya. Huyu binti kapata kazi yake ya kupigia watu simu. Kila nyumba inamjibu vizuri, mimi peke yangu nimjibu vibaya. Wakubwa zake watasema nini? Watasema wewe msichana, huyu bibi umemfanya nini?" Bi Kidawa alivuta khanga ifunike vizuri. "Simponzi mtoto wa mtu kwa ajili ya mguu. Mguu wenyewe wa kushoto."

Sikudhani alitaka kucheka, akashindwa. Harufu ilikuwa imejaa chumba.

"Halafu," mama yake aliongeza, taratibu, "yeye haachi kunijulia hali. Kila siku. Wewe unatoka hapa mbio na vitana vyako. Sikulaumu. Nasema tu."

Sikudhani alitoka nje akakaa kibarazani. Aliwaza maneno yote aliyoyasema saluni miezi ile, moja moja, kama mtu anayetafuta pete kwenye mchele. Asubuhi iliyofuata, mama yake bado akiwa usingizini, alichukua simu akajifungia jikoni. Ilipolia, aliinua sauti yake ikawa ya kikongwe.

"Shikamoo, bibi. Habari za asubuhi?"

"Naumwa," alisema Sikudhani.

Mjalivu alikuwa hajawahi kusikia neno hilo likitangulia. Kule Kituo cha Ubunifu, kati ya vidoti vya kijani vya nchi nzima, kidoti kimoja kikawa chekundu, na Bwana Fumo akamwaga kahawa kwenye fulana yake.

Sikudhani alisikia ving'ora akakimbilia barabarani kupunga mkono, machozi yanamtoka, akijua ni gari la wagonjwa. Lilikuwa gari la televisheni. Nyuma yake likaja la polisi, na nyuma ya hayo la Profesa Shungurui mwenyewe, ambaye siku hiyo alikuwa wilayani na wageni watatu waliotaka kuinunulia nchi yao Mjalivu. Redio ya nchi jirani ilikuwa imekwisha tangaza kwamba kwa Shungurui kuna mgonjwa.

Waliingia chumbani wote, wakasimama wamebanana kati ya kitanda na kabati. Wageni watatu waliziba pua kwa adabu, kama wanaotafakari. Profesa Shungurui akainama mbele ya kamera, akamshika Bi Kidawa mkono.

"Mama yetu," alisema, kwa sauti ya kufika mpaka nchi jirani. "Hujambo?"

Sikudhani alipenya katikati ya viwiko. "Mama. Sema sasa. Tafadhali, mama, waambie."

Bi Kidawa alitazama nyumba yake iliyojaa watu wakubwa. Tangu mumewe azikwe hakuwa amepata ugeni wa namna ile. Alijiinua kwenye mto, meno yameumana kwa maumivu, akajitanda khanga kichwani, akatabasamu.

"Sijambo, baba," alisema. "Karibuni. Karibuni mkae. Sikudhani, wageni wamesimama, mwanangu. Bandika chai."

Kamera zikazimwa. Profesa Shungurui alinyooka, akawageukia wageni watatu.

"Kama mlivyojionea. Mtambo haukukosea. Mwanadamu ndiye aliyekosea, na mwanadamu tutamshughulikia."

"Mheshimiwa, ufunue huo mguu," Sikudhani alisema. "Uufunue tu. Sitaki kitu kingine kwako."

"Binti, serikali haifunui khanga za wazee," alisema Profesa Shungurui, na kwa kweli alionekana ameumia. "Tuna maadili yetu."

Wakatoka. Hakuna aliyekaa, maana kukaa hakukuwamo kwenye ratiba. Magari yakaondoka moja baada ya jingine, likabaki moja, na ndani ya nyumba akabaki askari mmoja, Koplo Ndaro, mtu wa makamo mwenye viatu vilivyokaza, aliyeachwa amkamate Sikudhani kwa kosa la kughushi afya ya mzazi.

Bi Kidawa aliusikiliza mngurumo mpaka ukapotea.

"Wamekwenda," alisema. Uso wake ulikuwa umeporomoka. "Hata hawakukaa. Nilikuwa nawasubiri wakae, wanywe hata funda moja, niwaambie habari ya mguu."

Sikudhani aliweka mkono mdomoni.

"Na wewe, baba?" Bi Kidawa alimwuliza askari. "Nawe una haraka?"

Koplo Ndaro alitazama mlango. Aliitazama pingu yake. Kisha, kwa sababu viatu vilikuwa vinamuuma, na kwa sababu alikuwa mtoto wa mtu, akavuta kigoda akakaa.

Sikudhani akamletea chai. Alipokwisha kunywa funda la kwanza, Bi Kidawa akaanza. Alimwambia jinsi kidonda kilivyoanza kama mkwaruzo wa ukili wa mkeka. Alimwambia kinavyochoma alfajiri, na vidole viwili ambavyo havichomi tena, na kwamba hilo ndilo linalomtisha. Alimwambia anaogopa kufa binti yake akiwa kazini. Sikudhani alikuwa hajayasikia hayo yote. Mwisho Bi Kidawa akafunua khanga zote mbili, na Koplo Ndaro akatazama, hakugeuza uso.

Aliinywa chai yake mpaka mwisho. Akaweka kikombe chini taratibu, kisilie.

"Pole sana, mama yangu," alisema. "Pole mno. Huu mguu ni wa hospitali leo hii, si kesho."

"Ahsante, baba. Wewe umesikia."

"Nimesikia, mama."

Kisha akainuka, akamfunga Sikudhani pingu, kwa upole, akimwuliza kama zinabana.

"Afande, wewe umeona kwa macho yako," Sikudhani alimwambia. "Kasema. Kasema yeye mwenyewe."

"Nimeona, dada. Ila mimi si wa kwenye vidoti," alisema Koplo Ndaro. "Mimi ni wa kukamata."

"Nani atamgeuza? Nani atamfunga hicho kidonda?"

Bi Kidawa alimwuliza binti yake atarudi lini, naye Koplo Ndaro, aliyejua vizuri ni miaka mingapi, akasema atarudi karibuni tu, Mungu akipenda, maana hakuna mtu wa nchi hiyo ambaye angemjibu mama mzee vinginevyo.

Walikuwa wamefika uani Sikudhani aliposikia nyuma yake kitanda kikilia. Aligeuka. Mama yake alikuwa amesimama, ameshika fremu ya mlango.

"Mama, rudi ulale."

"Mgeni amekula kwangu," alisema Bi Kidawa. "Anaondokaje hajasindikizwa?"

Akatia mguu chini. Koplo Ndaro akapunguza mwendo, maana ingekuwa utovu wa adabu kumwacha nyuma mtu anayekusindikiza. Wakaenda hivyo watatu, polepole, askari mbele na mfungwa wake, na Bi Kidawa akishika ukuta wa jirani, halafu mti wa uzio, halafu hana cha kushika. Majirani walimsalimia kutoka vibarazani, naye akawaitikia wote, mmoja mmoja. Penye kona ya barabara, mahali ambapo wageni huagwa, akasimama.

Gari lilipoondoka, Sikudhani alijipinda kwenye kiti akatazama kupitia kioo cha nyuma. Mama yake alikuwa anapunga mkono. Nyuma yake, mpaka mlangoni, vumbi lilikuwa na alama za mguu wa kushoto, zimelowa.